Furu Tuliowala Kabla ya Kuwapima

Kutoka Masasi hadi Mwanza nilitumia siku tisa. Lori la korosho lilizama kwenye tope karibu na Rufiji, tukakaa hapo siku tatu tukisukuma na kukata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Dar es Salaam nilipanda treni. Tabora behewa letu likakatwa na kuachwa pembeni, na kila tulipouliza tukaambiwa kesho. Nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne chenye C moja ya Baiolojia, na karatasi yenye jina la mtu aliyejiita mjomba wangu. Huyo mjomba alikuwa ameandika kwamba kiwanda cha minofu ya sangara kinatafuta wafanyakazi.

Nilipofika, mjomba alikuwa ameshahama, na kiwanda kilikuwa na watu wa kutosha getini kujaza viwanda vitatu. Nikashuka hadi ziwani kunawa uso. Boti moja ilikuwa imefungwa gatini, watu wanashusha mabeseni ya samaki wadogo. Mzee mmoja mfupi, kofia ya kitambaa, akaniangalia.

"Wewe kijana, una mikono?"

"Shikamoo mzee. Ninayo."

"Marahaba. Basi shika beseni, usisimame kama nguzo."

Nilishika beseni hilo kwa miaka ishirini na minne. Mama nilikuwa nimemwahidi mwaka mmoja.

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, mstaafu wa kweli ana mvi na kiti chake barazani. Mimi nina mvi chache na miguu isiyotulia, lakini nimeshaiacha kazi na haitanirudisha, kwa hiyo naomba mnihesabu hivyo. Nilikuwa mchambuaji wa samaki kwenye kituo cha utafiti, jina lake halina haja. Kazi yetu ilikuwa kuvua kwa wavu wa kukokota, kumwaga samaki mezani, kuwagawa aina kwa aina, kuwapima na kuandika. Daktari, mtaalamu wetu mkuu, mwanamke wa rika la dada yangu mkubwa, ndiye aliyekuwa akieleza maana ya tarakimu. Mzee Bwire, yule wa kofia, ndiye aliyekuwa akitueleza samaki wenyewe.

Siku ya kwanza alinimwagia beseni la furu akasema, "Wagawe." Furu ni wadogo, wengi hawazidi kiganja, na jike hubeba mayai na watoto wake mdomoni. Nikawagawa mafungu mawili, wakubwa na wadogo. Mzee Bwire akacheka mpaka akashika meza.

"Umegawa kama mpishi. Fungua midomo."

Nikafungua midomo wiki nzima. Ndipo nikaanza kuona. Huyu ana meno membamba kama brashi, anakwangua ukoga kwenye mawe. Huyu ana taya la pili ndani ya koo, nene kama jiwe la kusagia, anavunjia konokono. Huyu ana mdomo mpana, anameza watoto wa wenzake. Lakini ukipasua koo la kila mmoja unakuta mfupa uleule mahali palepale. Kwa mmoja umenenepa, kwa mwingine umekonda, kwa wa tatu umefunikwa na meno ya sindano. Hukuti mfupa mpya kabisa. Unakuta wa zamani uliorekebishwa.

"Fundi anayeanza upya hutumia mbao mpya," Mzee Bwire aliniambia. "Hapa mbao ni za nyumba ileile. Hawa ni ndugu. Walitoka tumbo moja, wakatawanyika kutafuta chakula."

Yeye alikuwa Mjita, mzee wa kanisa, na Jumapili alisimama mbele kusoma. Nahodha wetu, Hamisi, Mwislamu wa mjini ambaye babu zake walitoka kila upande, hakuacha kumchokoza.

"Mzee Bwire, mchungaji wako anajua unachofundisha huku?"

"Anajua. Aliniuliza, nikamwambia mimi nahesabu tu. Mungu hakuniambia furu aliwatengeneza kwa siku ngapi. Alinipa macho na rula."

"Na wewe Masasi?" Hamisi aliniita hivyo mpaka naondoka. "Unakubali ulikuwa samaki?"

"Nakubali wewe ungali samaki."

Sasa niwaeleze jinsi jambo lenyewe linavyokwenda, kwa sababu nimewasikia vijana wakilieleza vibaya, hata wenye digrii. Wanasema maji yalichafuka, furu akajitahidi kupumua, matamvua yake, yale mekundu ya kupumulia, yakakua, akawarithisha watoto. Hapana. Hamisi naye alikosea hivyohivyo. Siku moja wavu ulitoka na furu wengi kuliko sangara, akapiga makofi akasema, "Samaki wamejifunza kumkwepa!"

Mzee Bwire hakuinua hata kichwa. "Hawajajifunza, Hamisi. Wasiojua kukwepa wamekufa."

Ndiyo hivyo tu. Mwaga furu mia wa aina moja mezani, hakuna wawili wanaolingana. Mmoja ana matamvua mapana kidogo, mwingine membamba kidogo. Walizaliwa hivyo, hawakujitahidi. Watoto hufanana na wazazi, si sawasawa, lakini vya kutosha. Na wanaozaliwa siku zote ni wengi kuliko wanaofikia kuzaa. Kama wanaofikia na wasiofikia ni bahati tupu, hakuna kinachobadilika. Lakini kama maji yamepungua hewa, na wenye matamvua mapana wanafikia zaidi kidogo kuliko wenzao, basi kizazi kinachofuata kina matamvua mapana zaidi kidogo. Rudia hivyo mwaka hadi mwaka. Hakuna aliyepanga, na hakuna samaki aliyebadilika akiwa hai. Kilichobadilika ni nani amebaki.

Hata akina mama waanikao dagaa kule Igombe walikuwa wakiliona kwa macho yao bila kitabu. Mmoja, Mama Sabina, alinishikia dagaa mwenye mayai, mdogo kama kijiti cha kiberiti.

"Tazama mtoto huyu, ana mimba! Zamani dagaa alikuwa anakua kwanza. Siku hizi anazaa kabla hajapata akili."

"Anayekawia kuzaa anashikwa na nyavu zenu, mama."

"Kwa hiyo kosa letu?"

"Anayewahi ndiye anayeacha watoto. Na watoto wake nao wanawahi."

Akafikiri kidogo. "Kama wa dada yangu," akasema, akaendelea kuanika.

Na kwenye visiwa vya mawe ndani ya ghuba tulivua furu wa buluu karibu na juu, na ndugu zao wekundu chini zaidi. Madume ndiyo yenye rangi. Majike ni ya kijivu, nayo huchagua. Wafuge kwenye matangi ya aina moja, chakula kimoja, watoto wa buluu wanabaki buluu na wa wekundu wanabaki wekundu. Iko kwenye damu. Maji yakiwa safi, jike humwona wa kwao na hakosei. Lakini penye maji ya tope tulipata wa katikati, si buluu si mwekundu, maana jike naye amekosa mwanga wa kuchagulia. Mzee Bwire aliwapenda hao wa katikati kuliko wote. Alisema pale unaona ukuta ukijengwa na ukibomoka kwa wakati mmoja.

Niwape na ujuzi mdogo wa mkono kabla sijasahau. Furu mshike kwa kitambaa chenye maji, mwiba wa mgongo uulaze chini, la sivyo utaoga damu. Andika kwa penseli, wino hukimbia. Na usimpime samaki mbichi ukamlinganisha na aliyekaa chupani, kwa sababu dawa ya kuhifadhia humsinyaza. Ukitaka haki, mbichi naye akae chupani kwanza, dawa ileile, miezi mingi mpaka aache kusinyaa. Hili la mwisho mlishike, linakuja.

Chumba chetu cha nyuma kilikuwa na rafu za chupa za furu waliovuliwa ghubani kabla sangara hajatapakaa. Sangara aliletwa ziwani na watu, akala furu mpaka aina nyingi zikatoweka, na katika miaka hiyohiyo maji yakaingiwa na udongo na uchafu, chini kukawa giza na hewa haba. Mzee Bwire ndiye aliyejaza nyingi za chupa hizo akiwa kijana. Lebo zilikuwa na majina ya wataalamu. Jina lake halikuwa hata kwenye moja.

Baadaye aina chache za furu zilirudi. Yeye akizishika alikuwa akisema, "Hawa si wale." Alisema hivyo miaka mingi. Alisema wamekuwa wafupi, kwa kuwa sangara humeza wanaokawia kuzaa, na wamekuwa na matamvua mapana, kwa kuwa chini hakuna hewa. Mwishowe Daktari akamwambia, "Mzee, tuyaandike. Wewe utayasoma mbele ya watu, na jina lako litatangulia." Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Miaka arobaini ya kushika samaki, na hapo ndipo jina lake lingeandikwa mahali kwa mara ya kwanza.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuvua na kupima furu wa leo, wa aina moja, tuwalinganishe na wa chupani. Nikawapima wabichi, nikawaweka chupani, na miezi ilipotimia nikawapima tena kwa moyo wote. Tarakimu zikatoka nzuri ajabu: wa leo wafupi, tena kwa tofauti kubwa. Mzee Bwire alianza kuvaa shati la kanisani siku za kazi.

Nilikuja kugundua kosa mchana mmoja tukiwa majini, nikila.

Wale waliofanya kazi kwenye boti wanaijua desturi ya kitoweo. Wavu ukipanda, kabla ya lolote, watu wa boti huchukua cha kwao cha sufuria. Ni haki yao, hakuna anayeuliza, na mchambuaji naye anakula. Siku hiyo Hamisi alikuwa amepika furu kwa nyanya na ndimu. Tulikaa sita kuzunguka sinia la ugali. Nikatoa mifupa kinywani, nikakiangalia kichwa kilichokuwa mkononi mwangu, nikaona kitu. Nikatoa kalipa mfukoni, kile kipimo chetu cha chuma, nikapima.

"Masasi, unakula au unafanya kazi?" Hamisi akasema.

"Nipe hicho kichwa chako."

"Sijamaliza kukifyonza!"

"Nipe."

Nilipima vichwa kumi na kimoja vya aina yetu hapo siniani, mikono imejaa mchuzi. Vyote kumi na kimoja vilikuwa vikubwa kuliko kichwa kibichi chochote nilichoandika kwenye daftari.

Nani anachagua wadogo kwa sufuria? Siku zote tulichukua wanene, waliobaki ndio wakaja mezani kwangu. Na zamani haikuwa hivyo. Mzee Bwire mwenyewe alikuwa ametusimulia kwamba enzi zake furu walijaa kiasi kwamba watu wa boti walichukua samaki wakubwa kama sato na ningu, furu hawakuwagusa. Chupa za zamani zilikuwa na kila aliyetoka wavuni. Daftari langu lilikuwa na wale tu walioponea sufuria. Nilikuwa nimefundishwa miaka mingi jinsi kifo kinavyochagua, na sikuuona mkono wangu mwenyewe ukichagua.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Nitawaambia ukweli, siku ya kwanza nilipanga kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Mzee angesoma, jina lake lingeandikwa, angekwenda kwao Nansio akiwa na furaha. Siku ya pili nilimkuta kwenye chumba cha nyuma akifuta vumbi kwenye chupa moja kwa pindo la shati lile la kanisani, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

"Mzee, nimekuharibia kazi."

Nikamweleza yote. Alirudisha chupa kwenye rafu, akaizungusha lebo itazame mbele.

"Vichwa vingapi ulipima?"

"Kumi na kimoja."

"Vyote vikubwa?"

"Vyote."

Akavua kofia, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Mimi pia nilikuwa nakula," akasema. "Miaka yote hii tangu warudi, nimekuwa nikila." Baadaye akaniuliza, "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Kwa nini mimi kwanza? Ungemwendea Daktari."

"Kazi ni yako."

Nilitamani anitukane. Kisha akasimama, akavaa kofia, akasema twende wote wawili kwa Daktari kabla hajatoka kwenda kula.

Daktari alisikiliza, akafunga kompyuta yake. "Tukianza upya, samaki wanahitaji kukaa kwenye dawa miezi mingi kabla ya kupimwa," alisema. "Mzee, wewe utakuwa umeshastaafu. Tunaweza kuondoa habari ya urefu, tukasoma ya matamvua peke yake."

"Matamvua yamepimwa kwa samaki walewale waliobakizwa na sufuria," Mzee Bwire akajibu. "Tuanze upya."

Hamisi ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. "Yaani tukae na njaa mpaka Masasi amalize kuhesabu meno?" Lakini alikubali: hakuna kitoweo kabla ya vipimo. Kila aliyetoka wavuni, mnene, kilema, aliyekatwa mkia, aliingia chupani. Nikamsikia kwa mara ya kwanza Hamisi akimfokea mtu wa boti aliyetaka kuficha mmoja chini ya kamba: "Rudisha huyo! Huyo ni wa Mzee."

Mzee Bwire alistaafu kabla hatujafungua chupa hata moja. Walimpa kitenge cha mke wake na keki. Jina lake halikuwa mahali popote. Alirudi Nansio, na baada ya wiki mbili nikamwona gatini ameshuka kwenye meli ya Ukerewe, kofia ileile, mfuko wa viazi vitamu.

"Nani anafundisha hawa kufungua midomo?" akasema. Akawa anakuja hivyo kila meli ilipomruhusu, bila mtu kumwita.

Tulipofungua chupa, tulifanya kwa haki. Tulipima kwanza urefu wa wote, kisha tukachukua samaki wa zamani na wa leo wa urefu uleule, tukatoa matamvua ya upande mmoja, tukapima nyuzi zake. Mimi napima, yeye anaandika, na ili tusijidanganye Daktari alikuwa ameficha lebo zote, hatukujua yupi ni wa enzi gani. Siku alipozifunua, tulisimama nyuma yake kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Urefu haukuwa umebadilika. Wafupi wetu wote walikuwa wametengenezwa na sufuria.

Matamvua yalikuwa yamebadilika. Samaki wa urefu uleule, wa leo alikuwa na mapana zaidi, na si kidogo.

"Msifurahi sana," Daktari akasema, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anatabasamu. "Samaki anayelelewa kwenye hewa haba huota matamvua makubwa hata bila kurithi. Kiasi gani ni malezi, kiasi gani ni damu, hatujui bado."

"Tutajua," akasema Mzee Bwire. "Au watajua hawa." Akaonyesha meza ya wachambuaji, yaani pale mnapokaa ninyi.

Macho yangu wakati huo yalikuwa yameanza kukataa meno ya furu. Mama alikuwa peke yake Masasi, na kila nilipompigia hakuuliza tena nitarudi lini, jambo lililoniuma kuliko kama angeuliza. Nikaandika barua ya kuacha kazi. Siku niliyoiweka kuwa ya mwisho ndiyo aliyoiweka Daktari ili Mzee asome mbele ya watu. Treni yangu ilikuwa ya jioni.

Ukumbi ulijaa wavuvi, wataalamu na watu wa mialo ya kushushia samaki. Hamisi alikaa mstari wa mbele amepiga kanzu. Mzee Bwire alisimama amevaa koti, karatasi mkononi. Hakuanza na matamvua.

"Nusu ya jambo nililolisema kwa miaka mingi haikuwa kweli," alisoma. "Niwaeleze kwanza jinsi tulivyokosea." Akawaeleza habari ya sufuria. Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka, halafu wakaanza kuandika. Ndipo akawaeleza nusu iliyobaki.

Alipomaliza, mtaalamu mmoja mgeni akauliza kwa upole, "Mzee, huoni uchungu? Kama kosa lisingeonekana ungesoma mapema, ukiwa kazini, na mambo yote mawili."

Mzee Bwire akanitafuta kwa macho mpaka akaniona, nimesimama karibu na mlango na begi langu.

"Yule pale ndiye aliyeninyang'anya moja," alisema. "Ningekuwa nayo mawili leo, na nisingejua ni lipi la kuamini. Sasa ninalo hili, na ninalala usingizi."

Nilisubiri mpaka watu walipompisha. Nikampa mikono yote miwili.

"Safari njema, mwanangu," akasema. "Msalimie mama. Mwambie tulikukawiza sisi."

Nikachukua begi, nikateremka kuelekea stesheni.